Wapangaji wa ute: bakteria wa tumboni na historia waliyoibeba

Chukua kipande cha ukuta wa ndani wa tumbo la paka, kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Kikate vipande vyembamba kuliko karatasi, kipake rangi yenye madini ya fedha, kisha kitazame kwa hadubini. Kwanza utaona visima. Ukuta wa tumbo haukunyooka. Umejaa vishimo vyembamba vinavyoshuka chini, na kwenye kina chake ndiko asidi inakotengenezwa. Ongeza ukuzaji, na ndani ya ute uliofunika kuta hizo utaona vijiti vyeusi vilivyojisokota kama kizibuo cha chupa. Vingine vimelala kwa mafungu kwenye midomo ya visima, vingine vimezama hadi chini kabisa.

Hao ni bakteria, na walionekana zamani. Mwaka 1893 Mwitaliano Giulio Bizzozero aliwakuta ndani ya matumbo ya mbwa huko Turin. Miaka mitatu baadaye Hugo Salomon alichukua ute wa tumbo la paka akawalisha panya, na matumbo ya panya yakajaa bakteria walewale. Kisha jambo likalala kwa zaidi ya miaka themanini, kwa kuwa waganga walikuwa wameshaamini kwamba asidi ya tumbo haiachi kitu hai. Liliamshwa huko Perth, Australia, pale Robin Warren na Barry Marshall walipofanikiwa kumwotesha bakteria wa tumbo la binadamu mwaka 1982 na kuonyesha kuwa ndiye chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Mkasa huo umesimuliwa sana, sitauchimba tena.

Upande unaosahaulika ni ule wa Bizzozero na mbwa wake. Helicobacter, jina walilopewa bakteria hawa mwaka 1989, ni ukoo mkubwa. Wako kwa paka, mbwa, nguruwe, fereti, duma, simba, nyani, hata pomboo na nyangumi beluga. Kila spishi imeumbika kufuatana na tumbo inamokaa, kiasi kwamba ukiusoma vizuri mwili wa bakteria mmoja unaweza kubaini mwenyeji wake anakula nini, na wakati mwingine hata mababu wa mwenyeji huyo walipita wapi. Ndiyo maana naona ni hasara kubwa kumjua Helicobacter kwa vidonda tu.

Hawaishi kwenye asidi

Karibu kila mtu hudhani kwamba bakteria hawa wanaipenda asidi. Hawaipendi hata kidogo. Mtie Helicobacter pylori, yule wa binadamu, kwenye asidi kali isiyo na urea, naye atakufa upesi kama bakteria wengine. Siri yake ni kujua mahali pa kukaa.

Ukali wa asidi hupimwa kwa pH: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi. Tumbo tupu la binadamu lina asidi ya pH 1 hadi 2. Lakini seli za ukuta wa tumbo hutoa ute mzito wenye bikaboneti, kemikali inayozima asidi, na kadiri unavyoukaribia ukuta ndivyo ukali unavyopungua, mpaka pale ute unapogusana na seli unakuta pH iko karibu na 7, sawa na maji. Kila nukta moja ya pH ni tofauti ya mara kumi. Kwa hiyo kutoka pH 2 hadi pH 7 ukali umeshuka mara laki moja, na kushuka huko kote kumetokea ndani ya tabaka lisilofika unene wa milimita moja.

Bakteria wanaitaka ile sehemu ya mwisho. Watafiti waliowachunguza kwenye matumbo ya panya wa jangwani waliwakuta wengi wao ndani ya mikromita 25 kutoka kwenye seli za ukuta. Mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani una unene wa mara mbili ya nafasi hiyo au zaidi. Na hata hapo hakuna kukaa kwa raha. Ute hutengenezwa chini na kusukumwa juu bila kukoma, unamomonyoka na kuchukuliwa pamoja na chakula. Bakteria anayesimama anabebwa na ute hadi kwenye asidi. Ni maisha ya kuogelea dhidi ya mkondo usiku na mchana.

Tumfuate mmoja tangu anapoingia. Amemezwa. Ana urefu wa mikromita tatu hivi na upana wa nusu mikromita au zaidi kidogo. Mwili wake una tando mbili, wa nje na wa ndani, na katikati yao kuna nafasi nyembamba yenye wavu mgumu unaompa umbo. Asidi inapenya utando wa nje na kuijaza nafasi hiyo. Hapo hapo, kwenye utando wa ndani, vinafunguka vijilango vya protini iitwayo UreI. Vijilango hivi vina tabia moja ya ajabu: hufunguka pale tu nje kunapokuwa na asidi. Vinaruhusu urea iingie. Urea ni taka ya mwili wa mwenyeji, ileile inayotoka kwenye mkojo, na kiasi chake kidogo huvuja kutoka kwenye damu hadi kwenye maji ya tumbo.

Ndani ya bakteria urea inakutana na kimeng'enya kiitwacho urease. Molekuli moja ya urea inavunjwa na kutoa amonia mbili na hewa ya kaboni dioksidi moja. Amonia inaizima asidi, bakteria anapata pumzi. Asidi ya nje ikishapungua, vijilango vinafungwa. Visingefungwa, amonia ingezidi na bakteria angekufa kwa kinyume cha asidi.

Urease yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Umbo lake lilipochorwa kwa mionzi ya eksirei mwaka 2001, lilionekana kama mpira wa nanomita 16 hivi, yaani elfu sitini na kitu wangejipanga kwenye milimita moja. Mpira huo umejengwa kwa protini mbili, UreA na UreB, zilizorudiwa mara kumi na mbili. Kwa hiyo una vyumba kumi na viwili vya kufanyia kazi, na ndani ya kila chumba wamekaa atomu wawili wa nikeli. Kumbuka nikeli hiyo, tutairudia. Bakteria huyu anatengeneza mipira hii kwa wingi usio wa kawaida: inaweza kufikia moja ya kumi ya protini zake zote. Ni kama askari ambaye sehemu ya kumi ya mwili wake ni ngao. Kipimo cha pumzi anachofanyiwa mgonjwa wa vidonda kinategemea kimeng'enya hiki hiki: mgonjwa anakunywa urea yenye kaboni iliyowekewa alama, na kaboni hiyo ikitokea kwenye pumzi yake, bakteria wamo.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kazi ya urease inaishia hapo, kumkinga bakteria asiungue. Mwaka 2009 ilionekana kwamba inafanya jambo lingine. Ute wa tumbo, ukiwa kwenye asidi kali, huganda na kuwa kama jeli. Bakteria waliowekwa ndani ya jeli hiyo walionekana wakizungusha mijeledi yao kwa bidii bila kusogea hata kidogo. Amonia ilipopunguza asidi na pH kupita 4 hivi, jeli ikalainika ikawa majimaji, nao wakaanza kuogelea. Bakteria anajiyeyushia njia anapopita.

Injini na msokoto

Mijeledi hiyo ni nywele ndefu zilizotoka kwenye mwili, na kila mmoja unazungushwa na injini iliyokaa kwenye utando. H. pylori huwa nayo minne hadi sita hivi, yote kwenye ncha moja ya mwili. Imevikwa ala, mwendelezo wa utando wa nje, na mwishoni kuna kifundo kidogo.

Injini za bakteria zinajengwa kwa vipuri vinavyofanana karibu kwa wote, na ndiyo maana tofauti ndogo zinasema mengi. Injini inasukumwa na protini zilizojipanga kwa duara kuzunguka mhimili, kama watu wanaosukuma gurudumu kwa mikono. Salmonella, anayeogelea kwenye majimaji ya utumbo, ana nafasi 11 hivi za wasukumaji. Picha za hadubini ya elektroni zimeonyesha kwamba H. pylori ana 18, kwenye duara pana zaidi. Wasukumaji wengi waliosimama mbali na mhimili wanatoa nguvu kubwa zaidi ya kuzungusha. Huyu ni bakteria wa kwenye ute mzito, na mageuko yamemjengea injini ya kuvuta mzigo.

Na ule msokoto je? Wengi tulifundishwa kwamba anajisokota ili atoboe ute kama skrubu inavyotoboa ubao. Kuna ukweli humo, lakini ni mdogo kuliko tulivyodhani. Wataalamu waliharibu jeni zinazotengeneza vimeng'enya vya kukata na kuunganisha wavu wa ukuta wa seli, wakapata bakteria walionyooka au waliopinda kidogo tu. Hao nao waliogelea, ingawa waliojisokota waliwapita kwa tofauti ndogo. Kazi kubwa inafanywa na mijeledi. Hata hivyo, walipopewa panya, bakteria walionyooka walishindwa kustawi tumboni kama wenzao. Kwa hiyo umbo lina faida, ila sehemu ya faida hiyo iko kwenye maisha ya ndani ya visima vya ukuta na haionekani ukimpima mwendo ndani ya chupa.

Ukiwapanga ndugu zake pembeni yake, jambo linakuwa tata zaidi. H. felis wa paka ana msokoto mkali, mijeledi kwa mafungu kwenye ncha zote mbili, na nyuzi zilizozungushwa mwilini mwake kama kamba iliyofungwa kwenye mzigo. H. heilmannii, wa paka na mbwa, ana msokoto kama huo lakini hana kamba. Mwili wake unaweza kuwa mrefu mara mbili ya ule wa H. pylori. H. mustelae wa fereti, mnyama wa jamii ya kicheche, hana msokoto wowote: ni kijiti kifupi chenye mijeledi pande zote. Naye anaishi vizuri tu ndani ya ute, ameshikamana na seli za tumbo. Anayesema tumbo linadai umbo la skrubu hajamwona huyu.

Ukisoma jeni za H. mustelae, mpangilio wake unamweka karibu na Helicobacter wa utumboni na kwenye ini kuliko wa tumboni. Kwa hiyo yawezekana njia ya kuingia tumboni ilipatikana zaidi ya mara moja, na kila aliyeingia alikuja na umbo alilorithi kwao. Kinachowaunganisha wote ni urease na uwezo wa kuogelea.

Chuma mahali pa nikeli

Sasa turudi kwenye ile nikeli. Mwili wa bakteria haujitengenezei madini. Nikeli inatoka kwenye chakula cha mwenyeji, na mimea ina nikeli nyingi kuliko nyama. Binadamu anakula vyote viwili. Lakini paka? Fereti? Duma? Hao wanaishi kwa nyama, ambayo ina nikeli kidogo na chuma tele, kwa sababu ya damu.

H. mustelae wa fereti alipochunguzwa, alikutwa na urease ya pili, yenye jeni zake mbali na zile za kwanza. Vyumba vyake vya kazi vinatumia chuma mahali pa nikeli. Nikeli ikiwepo, bakteria anaifungia urease hiyo. Nikeli ikipungua na chuma kikiwa kingi, anaifungulia. Udhaifu wake ni kwamba oksijeni huiharibu. Urease hiyo hiyo ya chuma imepatikana kwa H. felis wa paka, na kwa H. acinonychis wa duma, simba na chui milia. Wote hao ni wageni wa matumbo ya wala nyama.

Ndani ya chumba chenye nafasi ya atomu mbili tu, ndani ya mpira wa nanomita chache, umeandikwa mlo wa mnyama mzima. Sijui mfano mwingine unaoonyesha waziwazi kiasi hiki jinsi maisha ya mwenyeji yanavyochonga vipuri vya mgeni wake.

Kutoka tumbo hadi tumbo

H. pylori hasambai kwa upepo. Kwa kawaida hupita ndani ya familia, hasa kutoka kwa mama hadi mtoto, na akishaingia hukaa maisha yote asipotibiwa. Karibu nusu ya watu duniani wanaye, wengi bila dalili yoyote. Jeni zake, zilizosomwa zote kwa mara ya kwanza mwaka 1997, ni chache: herufi milioni 1.67 na jeni 1,590 hivi. Lakini hana ule mtambo wa kawaida wa kusahihisha makosa ya kunakili ambao bakteria wengi wanao, na anapokutana na ndugu zake tumboni hubadilishana nao vipande vya jeni bila haya. Matokeo yake, watu wawili wasio na undugu karibu hawawezi kuwa na bakteria wanaofanana kabisa.

Bakteria anayerithiwa nyumbani na anayebadilika upesi ni kumbukumbu nzuri ya safari. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba tofauti za jeni za H. pylori hupungua kadiri unavyokwenda mbali na Afrika Mashariki, kama zinavyopungua za watu wenyewe, na kwamba waliondoka huko pamoja na binadamu miaka 58,000 hivi iliyopita. Hesabu za baadaye ziliurudisha nyuma uhusiano wetu naye hadi angalau miaka laki moja. Mwaka 2016 alisomwa hata yule wa tumboni mwa Ötzi, mtu aliyekufa miaka 5,300 iliyopita na mwili wake kuhifadhiwa na barafu kwenye milima ya Alps.

Lakini si kila mara wamerithiwa kwa utulivu. H. acinonychis wa paka wakubwa anafanana na H. pylori kuliko anavyofanana na bakteria wa paka wa nyumbani, na ndugu zake wa karibu zaidi wamo kwa watu wa kusini mwa Afrika, hasa Wasan. Mmoja alimwambukiza mwingine, lakini nani? Jibu lilipatikana mwaka 2006, jeni zake zote ziliposomwa. Jeni kadhaa zinazotengeneza protini za nje, zile zinazogusana na mwili wa mwenyeji, zilikutwa zimevunjika vipande kwa bakteria wa paka, ilhali kwa bakteria wa binadamu ni nzima. Jeni nzima inaweza kuvunjika. Iliyovunjika vipande namna ile haijiungi upya kwa bahati. Kwa hiyo bakteria alitoka kwa binadamu akaenda kwa paka mkubwa. Makadirio ya wakati yamebadilika, kuanzia miaka laki mbili iliyopita hadi elfu hamsini hivi, lakini mwelekeo haujabadilika. Na njia iliyo rahisi kufikirika ya bakteria wa tumbo la mtu kufika kwenye tumbo la simba ni simba kumla mtu.

Safari za namna hiyo zimetokea kwingine pia. H. suis wa nguruwe anaonekana kutoka kwa nyani wa Asia waitwao makaki. Alihamia kwa nguruwe kati ya miaka laki moja na elfu kumi na tano iliyopita, na kutoka kwa nguruwe sasa huwapata hata binadamu.

Mwaka 2024 habari za chuma na habari za safari zilikutana. Watafiti waliolinganisha jeni za H. pylori kutoka pande nyingi za dunia waliona kwamba ndani ya spishi hii moja kuna makundi mawili. Yakikaa eneo moja, yanabadilishana sehemu kubwa ya jeni zao kama ilivyo kawaida, lakini katika jeni 100 hivi yametengana kabisa, na nyingi kati ya hizo ni za protini zinazokutana na mwenyeji. Kundi moja limeenea kila mahali. La pili, waliloliita Hardy, ni adimu. Limeonekana zaidi kwa wenyeji wa asili wa Siberia na wa mabara ya Amerika. Bakteria wengi wa kundi hilo wana urease ya pili, na urease hiyo inatumia chuma.

H. acinonychis, yule wa duma na simba, naye jeni zake zinamweka kwenye kundi la Hardy. Hesabu zinaonyesha kwamba makundi yote mawili yalikuwa tumboni mwa binadamu kabla hatujatoka Afrika, na yalisafiri nasi. Kwa hiyo bakteria aliyeingia kwenye tumbo la mla nyama siku ile huenda hakulazimika kuibuni urease ya chuma huko. Alikuwa tayari nayo, kwenye tumbo la mtu aliyeliwa.